Wasifu Usio na Idadi

Kijijini kwetu Buswahili mtu akifa vinatafutwa haraka vitu vitatu: turubai la kanisa, masufuria ya kikundi cha akina mama, na mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili ndiye anayeandika wasifu wa marehemu. Nafundisha sekondari Bunda, lakini hata huko simu hunifikia: mwalimu, tumefiwa, njoo na kalamu. Nakwenda. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, ndugu wa marehemu wananizunguka, wananiambia alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alibatizwa mwaka gani, aliugua nini. Halafu tunafika kwenye mstari wa mwisho ambao hauhitaji ufundi wowote: ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, na idadi inatajwa. Nimeandika mistari hiyo mingi kiasi kwamba mkono unaiandika wenyewe huku mimi nawaza nauli ya kurudi.

Wasifu wa baba yangu niliuandika bila idadi. Niliandika hivi: "Ameacha mjane, watoto na wajukuu." Basi. Nikausoma mbele ya jeneza kwa sauti yangu ya darasani, na watu wakasema baadaye kwamba nilijikaza kiume.

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kutoka Murangi, alisikiliza mpaka mwisho. Akatupa udongo wake kaburini, akanawa mikono, akaondoka kabla ya chakula bila kumuaga mtu. Kwetu kuondoka msibani kabla ya chakula ni kusema jambo, na kila aliyemwona alielewa kuwa limesemwa. Tangu siku hiyo akawa hapokei simu yangu. Nikimtumia ujumbe anajibu "sawa", hata kama nimeuliza swali.

Huyu ni dada kwa baba. Baba alipokuwa kijana alivua samaki Murangi, akamzaa na mwanamke ambaye hakumuoa. Kisha akarudi nyumbani, akaanza kulima pamba, akaokoka, akamuoa mama yangu kanisani, na baada ya miaka akawa mzee wa kanisa. Mama alizaa sita, wa kwanza ni mimi. Kanisani walijua sita. Nyumbani tulijua saba, ila hatukuwahi kusema saba.

Sasa ilibaki ibada ya kufunga msiba, iliyopangwa baada ya kuvuna mahindi. Siku hiyo kaburi linakuwa limeshajengewa, wasifu unasomwa tena, na watoto wote wa marehemu wanasimama kulizunguka. Mmoja akikosekana, msiba haujafungwa, hata kama mchungaji amesema amina na ng'ombe ameliwa. Nilikuwa na miezi michache ya kumrudisha dada yangu, na sikujua nianzie wapi. Usingizi ulikuwa unakuja vizuri tu. Ni mchana ndio ulionishinda. Nilikuwa siwezi kukaa. Ofisini kwa walimu niliinuka mara kumi kwenda kuangalia kitu dirishani, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama nina mchango wa harusi ninaoukimbia.

Mwaka huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, na tasnifu yangu ilihusu jambo linaloonekana jepesi likisemwa haraka haraka: msomaji anapataje maana ya kazi ya fasihi? Wataalamu wa jambo hili wamegawanyika kama koo zinazogombania mpaka wa shamba. Wako wanaosema maana ni mali ya mwandishi. Ukitaka kujua shairi linasema nini, tafuta alichokusudia aliyelitunga. Wako wanaosema mwandishi akishaweka kalamu chini habari yake imekwisha, maana imo katika maneno yenyewe na namna yalivyopangwa, mengine ni umbea. Wengine wanasema matini ina mapengo na msomaji ndiye anayeyaziba, kwa hiyo pasipo msomaji hakuna maana, kuna wino tu. Na wako watu wa pragmatiki, ambao nilikuwa nawaona wakavu kuliko wote. Hao wanasema msikilizaji hupima siku zote alichoambiwa na alichotarajia kuambiwa. Msemaji akisema pungufu ya ilivyozoeleka, msikilizaji anajiuliza kwa nini, na jibu analolipata ndiyo maana yenyewe.

Nilizijua zote nne na sikuwa na yangu. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa kalamu, alinirudishia sura ya pili mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amekuja Musoma mjini kuonana na wanafunzi wake, akaniambia nimewasimulia watu wote vizuri, ila yeye haoni mimi nimesimama wapi. Nikamwambia nitafikiri. Nikatoka na bahasha yangu, nikatembea mpaka ziwani, nikaagiza chai, nikainuka kabla haijapoa. Hasira ilikuwa kubwa na sikujua namkasirikia nani. Sentensi yangu moja ilikuwa imemfukuza dada yangu, na mimi nalipia ada kujifunza jinsi sentensi zinavyofanya kazi. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini angalau mganga huwa anajua anaumwa nini.

Msimamizi alikuwa amenishauri nitafute matini fupi, niwape wasomaji wasiomjua mwandishi, nisikilize watasema nini. Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Nilichagua wasifu wa baba. Nilifuta majina ya watu na vijiji, nikatoa nakala kwa ajili ya kidato cha tano, nikajiambia kuwa ni utafiti. Ukweli ni kwamba nilitaka watoto wa watu wanisafishe. Nilitaka wasome, wasione ubaya wowote, ili siku nikimpata dada yangu niweze kumwambia kuwa darasa zima limesoma na hakuna aliyeona alichokiona yeye.

Mwanzo mambo yalikwenda nilivyotaka. Wanafunzi wetu ukiwapa hata risiti ya sukari watakutolea dhamira. Mmoja akasema dhamira ni uchapakazi. Mwingine akasema ni umuhimu wa dini katika jamii. Wa tatu akapata nafasi ya mwanamke, ingawa mwanamke ametajwa mara moja tu na ni mjane. Nilikuwa naandika ubaoni, nimeanza kupumua. Ndipo binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, asiyependa kunyoosha mkono, akanyoosha.

"Mwalimu, huyu mwandishi anaficha mtoto," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema wasifu zote zinasemaga watoto wangapi. Huyu ametaja mpaka mwaka wa ubatizo na ekari za pamba, lakini alipofika kwa watoto amenyamaza. Nikamjibu, kwa upole niliokuwa nao, kwamba pengine ni mila. Yako makabila hapa hapa Mara ambayo wazee wao walikataza kuhesabu watoto, kwa kuamini kwamba ukiwahesabu unaviita vifo vije vipunguze. Hawakuhesabu watoto wala mifugo. Binti akaishika karatasi yake akaiangalia tena.

"Sasa mbona ng'ombe kawahesabu?"

Nikamwambia akae. Alikuwa amesimama kihalali na mimi ndiye niliyemsimamisha, lakini nilimwambia akae kwa sauti iliyofanya darasa zima ligeuke kuniangalia. Kengele ilipolia nilikwenda ofisini nikausoma mstari wa nne wa kitu nilichokiandika kwa mkono wangu: "Alianza maisha na ng'ombe wanne." Wanne. Nilikuwa nimeushika mwiko kwa watoto na kuuachia kwa ng'ombe, kwenye ukurasa mmoja, na sikuona. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikaa pale mpaka mfagizi akaniomba niinue miguu.

Ni lazima niseme dada yangu ni nani kwangu, maana mpaka hapa anaonekana ni mtu wa ugomvi tu.

Nilipokuwa mdogo, kila likizo alikuja msichana kutoka ziwani, mkubwa kwangu kwa miaka kama minane, na begi la shule na furushi la dagaa. Baba akimwona anakuja alisema, "Mgeni amefika." Mama naye akamwita mgeni, na sisi tukafuata. Mgeni alilala chumba chetu, aliteka maji na sisi, alichapwa na sisi. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoambiwa na jirani, kwa mdomo tu uliomponyoka, kwamba mgeni ni dada yangu.

Huyo mgeni ndiye aliyenifundisha kusoma. Dagaa zake zilifungwa kwa magazeti ya zamani, na zikishamiminwa kwenye ungo yeye alikung'uta karatasi, akazinyoosha juu ya paja, akaniita. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Magazeti yenyewe yalikuwa yamechanika, habari inaishia katikati, mtu anakamatwa na hujui kama alifungwa. Akifika penye tundu aliendelea yeye mwenyewe, anamalizia habari kutoka kichwani, na mimi nikaamini kwa muda mrefu kwamba kusoma ndiyo hivyo: unafika mwisho wa karatasi unaendelea. Nilikuwa na tabia moja mbaya. Nikikuta neno gumu nililiruka, nikaongeza kasi mbele yake ili asigundue. Aligundua kila mara. Aliweka kidole chake, chenye magamba ya dagaa, chini ya neno nililoliacha, akasema, "Umeruka. Soma tena." Nikirudia na kulipata hakunisifu. Alisema tu, "Endelea."

Nilikwenda Murangi siku ya Jumamosi. Nilichagua siku mbaya kwa sababu mimi ni mtu wa shamba: zilikuwa siku za giza, mwezi ukiwa haupo, ndizo siku dagaa zinavuliwa kwa wingi na wanawake wanaozianika hawana muda hata wa kukuna kichwa. Nilimkuta ameinama juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, anazigeuza dagaa kwa mikono, haraka haraka, akiangalia mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa visiwa. Mvua ikizikuta mbichi zinaharibika. Alinisalimia vizuri. Ila aliniita "mwalimu", na siku zote huniita "mdogo wangu".

Nikaanza kufukuza ndege, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilizunguka nyavu zake mara mbili tatu na viatu vyangu vya ofisini huku nikijieleza. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio: kwamba sikutaja idadi kwa sababu ya mwiko wa wazee, kwamba mwiko huo unajulikana, kwamba sikutaja idadi ya mtu yeyote, kwa hiyo sikumtoa yeye. Niliongea kama ninavyoongea mbele ya msimamizi wangu. Yeye aligeuza dagaa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama ni shangazi mwenyewe aliyekataza. Shangazi yetu, dada wa baba, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nikasema ndiyo, ni shangazi. Akasimama akanyoosha mgongo, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikuwa nimekaa kule nyuma nahesabu. Nilijua utafika kwa watoto. Ungesema sita, ningeondoka na ningejua nimeondoka. Ungesema saba, ningelia kama wenzangu wanavyoliaga. Wewe hukusema kitu. Mpaka leo sijui nifanyeje."

Nikasema sikutaka kumuumiza.

"Uliruka," akasema. "Toka mdogo unarukaga."

Akainama tena. Nilimuuliza kuhusu ibada ya kufunga msiba, kama atakuja. Akajibu kuwa ataangalia dagaa. Nikaondoka na jibu hilo na likanitesa njia nzima. Ataangalia dagaa. Alikusudia kweli kwamba kazi ikiruhusu atakuja? Au ni namna ya mtu mzima ya kukataa? Nilipanda pikipiki nikiwa na wataalamu wote wanne kichwani, kila mmoja anavuta upande wake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kama dada yangu atakuja.

Jambo moja tu niliona naweza kulifanya. Kesho yake niliondoka Bunda asubuhi nikaenda Buswahili kumchukua shangazi awe shahidi wangu. Nilitaka apige simu mbele yangu, amwambie dada kwa kinywa chake kwamba ni yeye aliyekataza kuhesabu. Nilimkuta jikoni kwa mama, amefunga shavu kwa kitambaa kwa sababu ya jino, hana raha. Mama alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Nikaeleza shida yangu. Shangazi akanisikiliza huku ameshika shavu.

"Nani alikukataza?" akauliza.

Nikamwambia ni yeye, siku ile ya msiba, hapo hapo jikoni.

"Mimi sikukukataza. Wewe ulikuja hapa ukaniuliza, shangazi, si wazee walikatazaga kuhesabu watoto? Nikakwambia ndiyo, walikatazaga. Ukanishukuru kama nimekupa mbuzi, ukatoka mbio. Hukuningoja nimalize."

Nikauliza amalize nini. Hapo akasahau jino lake. Akasema babu yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe jioni. Alisimama mlangoni mwa zizi, wakiingia anataja kila mmoja kwa jina lake na rangi yake, na ambaye hajatajwa ndiye aliyepotea, wanatoka kumtafuta. Watoto nao vivyo hivyo. Mgeni akiuliza una watoto wangapi, hukumpa namba, ulimtajia: yupo huyu, yupo huyu, yupo huyu, mpaka wa mwisho. "Ndiyo mwiko wenyewe," akasema. "Huhesabu, unataja. Wewe hukuhesabu na hukutaja. Umechukua nusu."

Nilitafuta mahali pa kuangalia nikakutana na macho ya mama, naye hakuwa ameacha kumenya. Nilikuwa na neno moja lililobaki, na nililitoa. Nilimwambia kwamba kwa kweli nilifanya vile kwa ajili yake. Watu wa kanisa wangesikia saba wangeanza kuuliza wa saba ni nani, na yeye alikuwa amekaa pale na nguo nyeusi, mume wake yuko ndani ya sanduku.

Mama aliweka kisu chini.

"Yule mtoto nimempikia toka anakuja na begi la shule. Nilikuwa namwita mgeni kwa sababu nilikuwa sijui nimwite nani, na baba yenu hakuniambia. Hiyo aibu usinipe mimi, mwanangu. Ni yako."

Nilitoka nje. Nilizunguka nyumba, nikaenda mpaka kwenye kaburi ambalo fundi alikuwa ameanza kulijengea, nikarudi, nikaenda tena. Nilikuwa na hasira na mama, kisha na shangazi, kisha hasira ikakosa mtu wa kumshukia ikarudi kwangu. Mimi ndiye kifungua mimba. Ndivyo nilivyoitwa toka nimezaliwa. Ndiye niliyesimama mbele siku ya mazishi, niliyepokea mikono ya mapadre na wachungaji, niliyeulizwa kaburi lichimbwe wapi. Kila mtu aliyenishika bega aliniambia sasa wewe ndiye baba wa mji huu. Ningeandika saba, na mtu akauliza wa kwanza ni nani, jibu lisingekuwa mimi. Hicho ndicho nilichokificha. Baba alikuwa hahitaji kufichwa tena, mama hakuomba, na mwiko niliuokota njiani kama fimbo.

Na ndipo nilipowakumbuka wataalamu wa kundi la kwanza, wanaosema tumuulize mwandishi alikusudia nini. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilikuwepo wakati naandika, hapakuwa na mwingine, na nilichokusudia nimekuja kuambiwa na mwanafunzi wa dirishani, mwanika dagaa, mzee mwenye jino bovu na mama anayemenya mihogo. Wote walisoma karatasi moja na wote waliona pale pale. Mimi peke yangu nilikuwa siwezi kuisoma.

Jumatatu nilimwita yule binti baada ya kipindi nikamwambia kuwa alisoma vizuri na mimi nilikosea kumkatisha. Akasema asante, mwalimu, kwa wasiwasi, akaondoka haraka. Hakuuliza mtoto aliyefichwa ni nani.

Dada yangu sikumpigia tena. Nilimtumia tarehe ya ibada. Akajibu "sawa".

Siku yenyewe turubai lilikuwa lile lile na masufuria yale yale. Nilikuwa nimeuandika wasifu upya, mara tano au sita, nikirarua. Ng'ombe niliwaondolea idadi. Mahali pa watoto niliandika majina saba, kila moja kwenye mstari wake. Humu sitaji jina la mtu yeyote. Yale yalikuwa ya kutajwa pale, mbele ya watu waliopaswa kuyasikia. Mchungaji alianza, mimi nikawa nageuka nyuma kila dakika, mpaka mdogo wangu mmoja akanikanyaga mguu. Wimbo wa pili ulipokuwa unakwisha nilimwona. Alikuja na beseni la dagaa kichwani, akalipeleka jikoni, kisha akaja kukaa nyuma kabisa, pamoja na majirani, kama mtu aliyesindikiza wengine.

Nikaitwa kusoma. Sauti ya darasani ilikataa kuja. Nilisoma alizaliwa wapi. Nilisoma kwamba alivua samaki Murangi alipokuwa kijana, jambo ambalo mara ya kwanza nilikuwa nimelipitia kwa maneno mawili, nikaona vichwa kadhaa vya wazee wa kanisa vikiinuka. Nilisoma pamba, ubatizo, ndoa, ugonjwa. Kisha nikasoma: "Watoto wake ni hawa," na nikataja jina la kwanza, la kwake, na jina la baba yetu nyuma yake.

Hakuinuka.

Watu waligeuka kumtafuta mwenye jina. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anafunga upya ncha ya kanga yake, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani. Jina la pili lilikuwa hapo chini, tayari, na nilijua kabisa ningelitaja lile, na la tatu, na la nne, ibada ingekwenda mbele na watu wangesahau. Nilitamani sana kuruka. Mchungaji alikohoa. Nikasubiri. Sikujua kimya chake kina maana gani na safari hii sikujaribu kukisoma.

Akainuka. Alipita katikati ya viti bila haraka, akampita mama, ambaye alimshika mkono akauachia. Nilimwonyesha mahali pa kusimama kando ya kaburi, hakwenda hapo. Alikuja mpaka nilipo, akasimama begani kwangu, akaiangalia karatasi. Akainua mkono, akaweka kidole chini ya jina lake. Kilikuwa bado kina magamba.

"Endelea," akasema.

Nikasoma jina la pili, ambalo ni langu.